Aache Pombe Kwanza: Kisa cha Mvuvi wa Dagaa Mwenye Maradhi Mawili

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 37, mvuvi wa dagaa, mzaliwa wa Ukerewe, ana mke na watoto watatu. Aliletwa kliniki ya afya ya akili jijini Mwanza na dada yake mkubwa, wiki moja baada ya kutoroka nyumba ya soba, yaani makazi ya wanaojitoa kwenye ulevi, alikokaa wiki tano. Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa na mstari mmoja: "Mlevi sugu, haambiliki." Mlevi alikuwa kweli, na siku hiyo alinuka gongo. Lakini kwa miaka minne alikuwa amepita mikononi mwa wahudumu kadhaa, na hakuna aliyeandika popote kwamba mtu huyu haoti ndoto nyingine ila ya maji.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu mambo yake nayaona mara kwa mara kwa watu wa mwambao huu wa ziwa. Nimebadilisha yote yanayoweza kumtambulisha, na baadhi ya vipande nimevitoa kwa wagonjwa wengine waliopita njia ileile. Msimamo wangu nausema mapema: mwenye uraibu na ugonjwa wa akili atibiwe vyote viwili kwa wakati mmoja, na timu moja, kuanzia siku anapoingia mlangoni, hata kama kaingia amelewa. Kumwambia aache pombe kwanza ndipo huo ugonjwa mwingine uangaliwe ni kumdai nguvu ambayo ugonjwa huohuo ndio umeimaliza.

Giza na mwezi

Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria huendeshwa na mwezi. Usiku wa giza taa huwashwa juu ya maji, dagaa huvutwa na mwanga, kisha hukusanywa kwa nyavu za macho madogo. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Mbalamwezi ikipamba, taa haifui dafu na dagaa hutawanyika, basi kambi nzima hupumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Ndizo siku za kushona nyavu, kugawana mapato na tajiri, yaani mwenye mtumbwi, kutuma hela nyumbani, na kunywa.

Mgonjwa wetu alianza kunywa akiwa na miaka 19, na kwa zaidi ya miaka kumi unywaji wake ulifuata kalenda hiyo. Mwezi ukiwa mpevu alilewa, giza likiingia aliacha akarudi majini. Hakutetemeka asubuhi wala hakuamka kutafuta ya kuzimua. Habari hii tuliipata kwa dada yake kabla yeye mwenyewe hajaweza kuongea vizuri, nayo ilikuja kuwa na uzito mkubwa, maana ilionyesha kwamba kulikuwa na wakati mtu huyu aliweza kuacha.

Miaka minne kabla ya kufika kwetu mtumbwi wao ulipinduka. Anayelijua ziwa hili anajua kwamba dhoruba zake kubwa hupenda usiku: nchi kavu inapopoa, upepo hutoka pande zote kuelekea maji ambayo bado yana joto, hewa hupanda, na mawingu ya mvua na radi hujengeka katikati ya ziwa. Mvuvi wa dagaa yuko kazini saa hizohizo. Walikuwa wanne mtumbwini, jaketi okozi hakuna hata moja. Wawili walikufa. Mmoja wao alikuwa mdogo wake wa mwisho, kijana wa miaka 22 ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi kwa tajiri. Mwili wa yule mwenzao ulipatikana siku ya tatu. Wa mdogo wake haukuonekana.

Kwa miezi miwili hakukanyaga mtumbwi, na njaa ya watoto ndiyo iliyomrudisha. Akaanza kupiga kikombe kimoja cha gongo kabla ya kusukuma mtumbwi, kwa maneno yake "ili miguu ikubali". Kikafuata kikombe cha kulalia. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa anakunywa tangu asubuhi, giza na mwezi vikawa kitu kimoja kwake. Utengenezaji wa gongo umebanwa na sheria tangu 1966, na viroba, yaani pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini kambini kinywaji hakikosekani wala hakidai hela nyingi.

Milango aliyoigonga

Watu husema mlevi hataki msaada. Huyu aliutafuta mara tatu.

Kwanza alikwenda kituo cha afya kilicho jirani na kambi, akasema halali usiku. Akapewa vidonge vya diazepamu bila kuulizwa kama anakunywa pombe. Akavimeza juu ya gongo. Diazepamu na pombe vyote viwili hupunguza kasi ya kupumua, na watu hufa usingizini kwa mchanganyiko huo. Tena mwili uliozoea pombe huizoea diazepamu upesi, kwa kuwa zote hufanya kazi karibu sehemu ileile ya ubongo. Vidonge vilipokwisha akaendelea kuvinunua kwenye maduka ya dawa, kwa hiyo akawa na vitu viwili vya kuacha badala ya kimoja.

Mara ya pili alifika hospitali ya ngazi ya wilaya na kujieleza zaidi: ndoto za kila usiku, kushtuka mlango ukigongwa, kutoweza kutazama maji jua likishazama. Alikuwa amekunywa. Aliambiwa aache pombe kwanza, akishatimiza mwezi bila kugusa chupa arudi, ndipo hayo ya akili yachunguzwe. Namwelewa aliyemwambia hivyo. Foleni ni ndefu, mgonjwa ananuka, na kwenye mafunzo yetu kuna kanuni inayofanana na ushauri huo, ambayo nitaieleza mbele. Lakini yeye alitoka pale akiwa na hakika kwamba ndoto zake ni adhabu ya ulevi, kwamba amejitakia. Hakurudi.

Mara ya tatu ndugu walichanga wakampeleka soba. Hapa nataka kutenda haki, kwa sababu ni rahisi sisi wa hospitali kuzinyooshea vidole nyumba hizi huku zikibeba mzigo ambao hospitali hazijaubeba. Pale alilishwa vizuri, alipangiwa saa za kuamka na za kazi, alikaa na watu waliopitia alikopitia na ambao hawakumdharau. Wiki tano bila pombe hakuwahi kuzifikisha tangu ajali. Msimamizi wake ni mtu aliyeacha mwenyewe, na anapoongea na wageni wa nyumba yake wanamsikiliza kuliko watakavyonisikiliza mimi.

Ila mambo mawili yalikwenda vibaya. Usiku wa pili alianguka kama mwenye kifafa. Wenzake wakammwagia maji na kumwombea, akazinduka, asubuhi mambo yakaendelea. Kila anayepokea wanywaji wa kila siku inabidi ajue jambo hili: arosto, yaani mateso ya mwili unaponyimwa ulichozoea, ikiwa ya heroini humtesa mtu vikali lakini mara chache humuua, ya pombe huua. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho. Kuanguka kifafa mara nyingi hutokea ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, homa ikapanda, moyo ukaenda mbio. Huyo hatakiwi kubaki soba hata saa moja. Na aliyewahi kuanguka mara moja wakati wa kuacha, safari ijayo aachishwe hospitalini.

La pili lilikuja polepole. Wiki ya tatu, wakati kila mtu pale anamsifu kwamba uso umerudi, ndoto zilizidi. Alipiga kelele usiku mpaka wenzake wakalalamika, akahamishiwa stoo. Alikuwa na vidonge vyake kwenye begi, vikachukuliwa siku ya kwanza, na kwa vile vilikuwa diazepamu sitalaumu kuchukuliwa kwake. Tatizo ni kwamba hakuna kilichowekwa mahali pake na hakuna aliyeuliza vilikuwa vya nini. Wiki ya tano, baada ya kukesha siku kadhaa mfululizo, aliruka ukuta, akanywa, akalala. Nyumba nzima iliamini amekumbuka chupa. Yeye anasema alikumbuka usingizi.

Kuzidi kwa ndoto wiki zile kuna maelezo ya kimwili, na laiti msimamizi angeyajua. Pombe hukandamiza sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi. Mnywaji anapoacha, sehemu hiyo hurudi kwa nguvu kupita kawaida, kwa wiki kadhaa. Mtu wa kawaida huota ndoto za ajabu zikapita. Mwenye kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, hurudishwa kila usiku palepale alipokimbia. Kwa hiyo wiki ya pili hadi ya tano, ambazo kwa wengine ni wiki za kuchangamka, kwake zilikuwa ndizo za hatari kubwa.

Tulichokikuta

Dada yake alizungumza kwanza. "Dokta, mdogo wangu ni mlevi, sikatai. Ila hakuwa hivi. Ziwa lilimrudisha nusu." Niliyaandika maneno hayo kwenye faili kama alivyoyasema.

Kwenye dodoso la unywaji pombe la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 10 na alama 40, alipata 31. Kuanzia 20 huashiria utegemezi. Kwenye dodoso la sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, liitwalo PHQ-9, lenye alama 27, alipata 19. Namba hizo mbili peke yake hazituambii kipi kimezaa kipi. Mtu anayekunywa kila siku karibu lazima atakuwa na huzuni, atakosa usingizi, atakosa hamu ya kula.

Hapa ndipo ile kanuni inapoingia. Sonona iliyoletwa na pombe kwa kawaida hupungua sana ndani ya wiki mbili hadi nne za kutokunywa. Ikibaki baada ya hapo, au ikiwa ilikuwepo kabla ya unywaji kuwa mzito, huhesabiwa kuwa ugonjwa unaosimama wenyewe. Ni kanuni nzuri ya kutambua ugonjwa. Ubaya wake huanza inapogeuzwa kuwa sharti la kuonwa, kana kwamba hizo wiki nne mgonjwa atazipitisha mahali salama akitusubiri, wakati ukweli atazipitisha kambini, na gongo liko hatua chache kutoka anapolala.

Tena kuna njia ya kupata jibu bila kusubiri: kuchora mstari wa maisha. Nilichukua karatasi, nikavuta mstari, tukaujaza pamoja. Tarehe hakuzikumbuka, na wachache wanazikumbuka. Lakini mtu wa Ukerewe ana alama zake. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikaua zaidi ya watu 200, na hakuna nyumba visiwani isiyojua ilikuwa wapi siku ile. Tukawa tunauliza: kabla ya MV Nyerere au baada yake? Mtoto wa pili alikuwa anatambaa au anatembea? Ilikuwa giza au mwezi? Kwa wazee wa hapa natumia MV Bukoba, Mei 1996, kwa namna hiyohiyo.

Mstari ulipojaa, mambo matatu yalionekana waziwazi. Kabla ya ajali alikunywa na kuacha, bila sonona. Ndoto na kushtuka vilianza wiki chache baada ya ajali, miezi kadhaa kabla hajaanza kunywa kila siku. Na zile wiki tano za soba, wakati ambapo sonona ya pombe ingetakiwa kulegea, kwake hali ilizidi. Aliyetakiwa kusubiri mwezi mmoja bila pombe ili achunguzwe alikuwa ameshaukaa mwezi huo, na zaidi, na hakuna aliyeusoma.

Tulipofika swali la tisa la PHQ-9, linalouliza kama mtu huwaza kuwa heri angekufa au kujidhuru, alinyamaza, akatazama mlango. "Dokta, mtu akisema ukweli hapa, anapelekwa polisi?" Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kifungu cha 217, na hofu hiyo huwafanya wengi waseme "hapana" huku wamebeba jambo zito. Nilimjibu kwamba yuko hospitali, anachokisema ni sehemu ya ugonjwa wake, nami kazi yangu ni kumtibu. Na kwamba nikiona uhai wake uko hatarini nitamwomba ruhusa ya kumshirikisha dada yake. Akakubali kwamba mawazo hayo humjia, zaidi alfajiri. Hakuwa na mpango. Dada alikubali alale kwake, na vitu vya hatari vikaondolewa nyumbani siku hiyohiyo. Kuuliza swali hili hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wapo wanaolikwepa kwa hofu hiyo, nami nawasihi waliulize.

Mwili nao ulikuwa na lake. Tumbo lilikuwa limejaa kidogo na bandama kuvimba. Kwa mvuvi anayekunywa kila mtu husema ini limeharibiwa na pombe, lakini mwambao huu una kichocho cha tumbo, ambacho huweka makovu kwenye mishipa ya ini na kuvimbisha bandama kwa mtu ambaye hajawahi kuonja pombe. Alipimwa, akakutwa nacho, akapewa prazikwanteli. Alipimwa pia VVU, maana jamii za wavuvi zina maambukizi mengi kuliko wastani, hakuwa nayo.

Matibabu

Alilazwa kwa ajili ya kuachishwa pombe, kwa kuwa alishaanguka mara moja. Alipewa diazepamu chini ya uangalizi, kipimo kikishuka siku hadi siku mpaka kikaisha kabla ya kuruhusiwa. Ni dawa ileile iliyomdhuru kituo cha kwanza, na tofauti yote iko kwenye mkono unaoitoa, muda na sababu. Alichomwa sindano za vitamini B1 kabla ya kuwekewa dripu ya glukosi. Jambo hili hupuuzwa sana: mnywaji aliyekondeana akipewa sukari bila B1 anaweza kupata madhara ya ubongo yasiyorudi nyuma.

Akiwa bado wodini, hatukungoja mwezi, alianzishiwa dawa ya sonona, fluoksetini, miligramu 20 kila asubuhi. Kuna waliopendekeza amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, kwa sababu ni ya bei nafuu na inalaza. Nilisimama upande wa wasiotaka. Amitriptilini ikichanganywa na pombe ni hatari, ikizidishwa huvuruga moyo na kuua, na huyu alikuwa mtu mwenye uwezekano wa kunywa tena na mwenye mawazo ya kufa. Fluoksetini haimlevyi mtu na si ya kuuzwa vijiweni. Tulimweleza kwamba ingechukua wiki mbili hadi nne kabla hajahisi tofauti, na kwamba ndoto zingemsumbua katikati ya muda huo. Safari hii alijua kinachokuja.

Kazi ngumu ilikuwa soba. Alitaka kurudi kulekule, kwa wenzake, na mimi niliona ni sahihi. Msimamizi alinipokea kwa heshima akakataa palepale. "Dada, vidonge ndivyo vilivyonimaliza mimi. Hapa haviingii." Nilimuuliza kama ana mtu wa kisukari humo ndani. Anaye. Wa dawa za VVU? Wapo. Wanazimeza? Wanazimeza. Akasema hizo ni za mwili.

Hakuwa mkaidi wa bure. Aliwahi kuona vidonge vya usingizi vikiuzwa kwenye choo cha nyumba yake, na kijana mmoja akapoteza fahamu. Ukimjia mtu mwenye kumbukumbu hiyo na hotuba, utaondoka na hotuba yako. Kwa hiyo tulianza na anachokiogopa: diazepamu na ndugu zake hazitaingia, na sisi hatutamwandikia mkazi yeyote bila kumpigia simu. Fluoksetini ikae ofisini kwake, imezwe asubuhi mbele yake, aweke tiki kwenye daftari. Mkazi akipiga kelele usiku, asihamishwe chumba. Mmoja wa wenzake amwamshe kwa jina, amwashie taa, amwambie yuko wapi. Akianza kutetemeka au kuanguka, aletwe hospitali bila kusubiri mapambazuko. Msimamizi aliongeza sharti lake: tuje kuongea na wakazi wote, kwa sababu, alisema, nusu yao hawalali.

Maneno hayo ya mwisho yamenikaa. Anayefika soba au kliniki ya uraibu akiwa na uraibu peke yake si wa kawaida kama tunavyodhani. Wapo wenye sonona, wenye kiwewe cha kupigwa utotoni, wenye sauti zilizoanza kabla ya bangi na wenye sauti zilizoletwa na bangi.

Watu wa heroini angalau wana dirisha. Kliniki za methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, nchini zilianza Muhimbili mwaka 2011, zikafika mikoa mingine, Mwanza ikiwemo, na kule mgonjwa huonekana kila siku anapokuja kunywa dozi yake. Nesi wa dirishani akimwona mtu siku ya tatu hajachana nywele na hasalimii, anajua. Mnywaji hana dirisha. Hakuna anayemwona kila asubuhi isipokuwa muuza gongo. Kwangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote, na linaweza kuanza kuzibwa kwa daftari la tiki la msimamizi wa soba, bila kusubiri jengo jipya.

Dumu

Mazungumzo juu ya ajali yalianza wiki ya sita tangu aache, dawa ilipokuwa imeshika na usingizi kufika saa nne au tano. Mapema zaidi yangemrudisha kwenye chupa. Tulikwenda kidogo kidogo: kwanza mchana ule, nyavu, walichokula, kisha upepo, kisha maji. Kila kikao kilimalizika kwa kitu cha sasa, aone miguu yake iko sakafuni.

Kilichotoka ni hiki. Mtumbwi ulipopinduka alishika dumu tupu la lita 20. Alimsikia mdogo wake akimwita. Hakuachia dumu. Sauti iliita mara kadhaa ikanyamaza. Miaka minne hakumwambia mkewe, dada yake, wala padri. Kila alipolala aliisikia.

Sikumwambia kwamba hana hatia, angeniona sijamsikia. Tulilichambua jambo lenyewe: giza, mawimbi, umbali asioujua, dumu moja ambalo watu wawili wazima wakilining'inia katika mawimbi yale wangezama pamoja. Alirudi kwenye hesabu hiyo vikao vingi. Siku moja akasema, "Kumbe ningeachia, mama angezika wawili." Sikuongeza neno.

Jambo la familia halikutoka kwetu, alilileta dada yake. Kwa kuwa mwili haukupatikana, matanga hayakuwahi kumalizwa. Wazee walisubiri, kusubiri kukawa mazoea, na shemeji, mjane wa marehemu, alikuwa hasemi naye. Dada alikwenda kwa baba mkubwa, wakakaa ukoo, wakafanya ibada ya kumaliza msiba. Mgonjwa aliwaeleza habari ya dumu mwenyewe. Nafahamu kwamba shemeji aliondoka kikaoni akilia, na kwamba wiki iliyofuata alimtuma mwanawe kumsalimia baba yake mkubwa, yaani mgonjwa wetu. Hakuna dawa niliyoandika iliyomsogeza kama siku hiyo.

Alikunywa tena mara mbili, zote siku za malipo. Kwa desturi ya nyumba ile angefukuzwa. Msimamizi alipiga simu badala yake, tukakutana watatu, tukaangalia kilichotangulia: mara zote mbili alikuwa na hela mkononi na yuko peke yake jioni. Sasa malipo yanakwenda kwenye simu ya mkewe, kwa hiari yake.

Miadi nayo ilitufundisha. Kliniki humpa kila mtu tarehe za baada ya wiki nne. Yeye alipoanza kazi ya kuanika dagaa mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inakoshushia samaki, mara ya kwanza alikuja, ya pili hakuja, ya tatu hakuja, na kadi ikaandikwa "hafuati matibabu". Mwezi wa angani huenda siku 29 na nusu. Siku za mapumziko ya wavuvi husogea na tarehe zetu hazisogei nazo, hivyo miadi iliangukia giza, wakati mwalo umefurika dagaa na ndipo anapopata riziki. Tukamwandikia aje mbalamwezi ikiwa kali, siku yoyote, bila tarehe. Hajakosa tena, na sasa tunawaandikia hivyo wavuvi wengine.

Mwezi wa tano wa matibabu PHQ-9 ilikuwa 8. Anaamka usiku mara chache kwa wiki. Fluoksetini itaendelea angalau miezi sita baada ya hali kutulia.

Kilichobaki ni ziwa. Kazi ya kuanika hailipi kama mtumbwi, ada za watoto zinadai, na tajiri wake wa zamani anamtaka. Mke anasema aende. Dada hataki kusikia. Timu yetu imegawanyika vilevile, na mimi niko kwa mke: mtu huyu ni mvuvi, na kumzuia maisha yake yote asiguse ziwa ni kukiachia kiwewe kimpangie. Amekwishapanda mtumbwi mchana mara kadhaa, akiwa na mwenzake wa soba, bila kunywa. Kuhusu usiku, ameweka sharti lake mwenyewe: jaketi okozi kwa kila mtu aliyemo. Tajiri amenunua mawili. Mgonjwa amesema hapandi mpaka yatimie manne, nasi tumeyaandika hayo manne kwenye faili, kwenye ukurasa wa matibabu, chini ya fluoksetini.